Grinnell au Macalester? Ami anasema vyote havina jina

Bint_Wete: Asalaam alaykum jamani. Mdogo wangu kamaliza fomu siksi huku Pemba, kapata vyuo viwili Marekani, Grinnell na Macalester, ni vile vidogo vya digrii ya kwanza tu, mtoto anachanganya hesabu, historia, lugha, mpaka baadae ndo anachagua pa kujikita. Msaada wa fedha waliompa unakaribiana. Sasa ami yetu wa Unguja, na yeye ndo mwenye kauli kwenye familia, katazama ranki za dunia kwenye simu hakuviona, anataka aende chuo kikubwa cha jimbo hata ikibidi tuchangishane. Hivi vyuo vina heshima kweli? Na kipi zaidi?

Yakhe_Kikwajuni: Waalaykum salaam. Ami kafanya vizuri kutazama ila katazama sipo. Zile ranki zinahisabu sana utafiti, na vyuo hivi havisomeshi PhD, mwalimu kazi yake kubwa kusomesha. Marekani vyuo vidogo kama hivi vina orodha yao mbali, chuo cha Williams ndo hukaa juu miaka nenda rudi na Amherst hapo hapo, na wawili hao kama Simba na Yanga, maana 1821 mkuu wa Williams aliondoka na baadhi ya wanafunzi akaenda kuwa mkuu wa kwanza wa Amherst, mpaka leo hawajasameheana lol. Mwambieni ami Uhuru Kenyatta kasoma Amherst.

Mtu_wa_Chwaka: Uhuru si hoja, mtoto wa rais popote angesoma angekuwa Uhuru tu. Mie nasema kweli, rudi na cheti cha Grinnell uombe kazi hapa mjini hakuna atakaekijua, watakwambia kapeleke TCU, tume ya vyuo vikuu, kitambuliwe, basi. Jina linamfaa mtu pale linapojulikana.

Yakhe_Kikwajuni: @Mtu_wa_Chwaka sawa, lakini wengi wao hawarudi na digrii moja, wanaunga mastaz, na kule wanaochagua wanafunzi wa mastaz na PhD wanavijua vyuo hivi vizuri sana. Tena barua ya mwalimu aliekusomesha darasa la watu kumi na tano si sawa na ya mwalimu aliekuona ukumbini na watu mia tatu.

Mama_Shamsa: Mnabishana majina, mtoto atakaa wapi hamsemi! Grinnell ni kimji kidogo Iowa, watu hawafiki elfu kumi, pembeni mahindi tu. Chuo kina pesa lakini, na masomo yake huru mno, cha lazima ni somo moja la mwaka wa kwanza, mengine unapanga na mshauri wako. Robert Noyce alieanzisha Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, na mwenzake katoka hapo. Macalester iko mjini, St. Paul, Minnesota, na huko Wasomali wamejaa tele, misikiti ipo, nyama ya halali ipo, mtoto wa Kipemba hatoona ugeni wa kupitiliza. Kofi Annan kamaliza hapo 1961. Baridi ya kote kuwili haina huruma, mnunulieni koti huko huko, msihangaike na ya Darajani.

Bint_Wete: Ahsanteni sana wallahi. Nimemsomea ami, kauliza Kofi Annan yupi, wa UN? Tangu adhuhuri anapiga simu ukoo mzima kuwa mtoto anakwenda chuo cha Kofi Annan. Mtoto mwenyewe anataka Grinnell.