Naombeni ushauri: kutoka na kurudi na kayaki kwenye mawimbi ya kusi, upande wa Kimbiji

Mshipi_Mrefu

Wakuu, habari za majukumu.

Nina kayaki ya plastiki, ile ya kukalia juu, na muda mrefu nimekuwa nikivulia Kunduchi, kati ya ufukwe na kisiwa cha Mbudya. Kule visiwa vinakinga, maji ni tulivu, unaingia na kutoka bila wasiwasi. Sasa nimehamia Kigamboni, karibu na Kimbiji, na huku bahari iko wazi kabisa. Wavuvi wa ngalawa wanarudi na nguru na kolekole kutoka nje ya mwamba, nami natamani sana kufika huko.

Tatizo ni ule ukanda wa povu. Ni Julai, upepo wa kusi umepamba moto, na mawimbi yanavunjika mara mbili: kwanza kwenye mwamba, kisha tena karibu na mchanga. Najua kuogelea na jaketi la kuokolea ninalo. Ninachoomba kujua: nitatambuaje kwamba leo panatokeka? Nikirudi nipite vipi? Na nikipinduka katikati ya povu nifanye nini?

Mke wangu amesema sitoki mpaka nipate majibu kwa watu wanaoijua bahari, na nakubaliana naye.

Kolekole_wa_Kigamboni

Mkuu, kwa Julai usitoke huko peke yako. Subiri maleleji, Oktoba na Novemba, bahari itatulia. Nguru hawaendi popote. Kwa sasa vulia ndani ya mwamba, tasi na changu wapo.

Mzee_wa_Buyuni

Mwanangu, umeuliza mawimbi lakini hukuuliza maji. Anza na maji.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hujaa kama saa kumi au kumi na moja alfajiri, na hupwa saa nne hadi saa tano asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Sasa fikiria mtu anayetoka saa kumi na mbili asubuhi, kama mnavyopenda nyinyi wenye kazi za ofisini. Anatoka maji yamefunika mwamba, anapita juu yake bila hata kuuona. Anavua, anafurahi. Saa nne na nusu anageuka arudi: mwamba umetoka nje, mawe yamekaa wazi, na wimbi lote la bahari kuu linapasukia ukingoni. Alikopitia hakupo tena. Wengi huumia hapo, na wakati wa kutoka hawakuona dalili yoyote.

Kwa hiyo chagua maji mafu. Kwa kalenda ya Kiislamu ni kama tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25. Siku hizo maji hujaa saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti yake ni ndogo. Unatoka yanajaa, unarudi yamejaa, mwamba uko chini yako wakati wote.

Jambo la pili ni mlango. Kila mwamba una mlango wake, na ngalawa hazipiti popote pengine. Nenda siku ya bamvua maji yakiwa yamepwa kabisa, tembea kwa miguu hadi ukingoni ukiwa na viatu, uutazame mlango kwa macho yako. Kisha rudi ufukweni utafute alama mbili za nchi kavu zinazopangana, labda mnazi mrefu na paa la nyumba, ili ukiwa nje ujue umesimama mbele ya mlango. Ukiwa huko chini kwenye kayaki, huoni mlango, unaona migongo ya mawimbi tu.

Baharia_Mtwapa

Mzee amesema kweli tupu. Mimi niko Kenya, huku kwetu pia mwamba ni huo huo na kusi ni hilo hilo. Naongezea kuhusu wimbi lenyewe.

Kabla ya kushuka, kaa ufukweni kama dakika 20 bila kugusa kayaki. Mawimbi huja kwa makundi. Yatapita madogo hadi udhani pametulia, kisha yanakuja makubwa kadhaa mfululizo. Watu husukuma chombo kwenye ule utulivu bila kujua kundi kubwa liko njiani. Hesabu muda kati ya makundi, na lile wimbi kubwa kuliko yote ndilo uamue nalo. Kama hilo hungependa likukute, leo hutoki.

Kwenye utabiri msitazame urefu wa wimbi tu, tazameni na sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mita 1 yenye sekunde 6 ni vurugu ya upepo, inachosha lakini inavumilika. Mita 1 yenye sekunde 12 imetoka mbali, na ikigusa mwamba inainuka juu na kuanguka kwa nguvu nyingine kabisa. Na wewe uko Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wakitoa angalizo au tahadhari ya upepo na mawimbi makubwa kwa pwani yako, usibishane nayo.

Kutoka: simama kwenye maji ya magotini upande wa bahari au kando ya kayaki, kamwe usisimame kati yake na ufukwe. Omo, yaani pua ya kayaki, iangalie mawimbi moja kwa moja. Kundi kubwa likishapita, panda, piga kafi bila kusita. Wimbi likivunjika mbele yako, inama mbele, chomeka kafi ndani ya maji na uvute. Ukisita, linakurudisha nyuma na kukulaza ubavu.

Kurudi ndiko kugumu, kwa sababu mawimbi yako mgongoni. Simama nje ya ukanda wa povu, pumzika, geuza shingo uyatazame. Kundi kubwa lipite. Kisha ingia ukilifuata wimbi la mwisho kwa nyuma, kwenye mgongo wake, usilitangulie. Linalokuja likikukaribia, piga kafi kinyume likupite chini. Kayaki ikilala ubavu, egemea upande wa wimbi na kafi lako liwe upande huo huo. Mwili utataka kuegemea ufukweni. Ukiukubalia, umepinduka.

Muuguzi_wa_Pwani

Naomba niseme kuhusu kupinduka, maana majeraha yake nayaona kazini: mabega yaliyotoka, vidole vilivyochomwa na ndoana, vichwa vilivyogonga mawe.

Bega hutoka mtu akiinua kafi juu ya kichwa kujizuia asianguke. Viwiko vikae karibu na mbavu, kafi liwe chini. Kama unapita mwambani, vaa kofia ngumu, na viatu visivyovuka miguuni.

Ukishaanguka, la kwanza ni kujua kayaki iko wapi na wewe uko wapi. Ukiwa upande wa ufukwe, wimbi linalofuata litakutupia kayaki kifuani. Ikiwa imeingiza maji tumboni ndiyo balaa zaidi, kila lita ni kilo 1, na lita 100 huingia upesi kama mfuniko umeachia. Zunguka uwe upande wa bahari. Kwenye mchanga unaweza kushika mpini wa tezi, yaani wa nyuma, na kuiacha ikuvute hadi nchi kavu. Kwenye mawe iachie, jiokoe wewe.

Usijaribu kupanda tena ndani ya povu. Zoezi la kupanda lifanye kwanza kwenye maji tulivu, kina ambacho miguu haigusi chini: tumbo juu ya kayaki, geuka ukae, kisha miguu. Rudia hadi uweze hata ukiwa umechoka.

Kolekole_wa_Kigamboni

Kafi nalo lifungwe kamba kwenye kayaki, vinginevyo likipotea huko nje umekwisha.

Baharia_Mtwapa

Nje, ndiyo, ukiwa unavua. Ndani ya povu, hapana. Kamba ndefu inayoelea ukiwa umepinduka inajizungusha mguuni au shingoni. Ifungue kabla ya kuingia, na uwe na kisu kifupi kifuani unapoweza kukifikia kwa mkono wowote. Mishipi ikunjwe, ndoana zitolewe zote zifungiwe kwenye kasha, fito zilazwe ndani au zifungwe kabisa. Fito zilizosimama nyuma yako zenye ndoana, chombo kikibingirika, zinakutafuta wewe.

Mshipi_Mrefu

Ahsanteni sana wakuu, na mzee wangu shikamoo. Nimetazama kalenda, kumbe siku niliyokuwa nimepanga kutoka ilikuwa bamvua kamili, na ningerudi saa nne kasoro. Nimeifuta.

Maswali mawili yamebaki. Kusi likizidi nikiwa nje nifanye nini, na jaketi zuri ni lipi? Ninalo la kujijaza hewa.

Mzee_wa_Buyuni

Marahaba mwanangu. Alfajiri upepo mara nyingi hutoka bara, bahari inaonekana laini na unasukumwa nje bila kujua umbali. Jua likipanda, kusi huingia kutoka kusini-mashariki na kupata nguvu. Ukiona maji ya mbali yamekuwa meusi na povu jeupe linaanza, usingoje samaki wa mwisho, geuka. Na anza kwa kwenda upande wa kusini ukivua, ili ukichoka upepo ukurudishe nyumbani. Mlango ukiwa haupitiki, usiulazimishe. Kaa nje, au fuata ngalawa hadi mahali pengine penye kinga hata kama ni mbali na ulikoliacha gari.

Pita pia kwa wenzetu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, uwaambie unatoka wapi na saa ngapi unarudi. Wakikuzoea watakutazamia, na uliza leseni ya uvuvi hapo hapo.

Baharia_Mtwapa

Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, lakini isiwe tegemeo la pekee. Ukiweza, nunua redio ya mkononi ya VHF, chaneli 16 ndiyo ya dharura baharini. Ifungwe kwenye jaketi lako, si kwenye kayaki, kwa sababu mnaweza kutengana.

Muuguzi_wa_Pwani

Jaketi la kujijaza hewa liache kwa boti. Aina ile inayojifyatua yenyewe ikilowa itafyatuka wimbi la kwanza likikupiga, na baada ya hapo huna uwezo wa kupiga kafi wala kupanda. Nunua lenye sponji ngumu ndani, la rangi ya chungwa au njano, lililokatwa wazi mabegani, na filimbi ifungwe kwenye zipu. Ukilivaa, kaza mikanda yote, kisha mwambie mkeo ashike mabega ya jaketi alivute juu kwa nguvu. Likikupanda hadi masikioni, ni kubwa kwako, rudisha dukani.