Umeme wa upepo wa baharini: waya utue Malindi au Lamu?

Mtoa mada, Malindi
Mitambo ya upepo baharini hatuna bado, lakini kusi tunaijua sote. Ikivuma Juni mpaka Agosti, mashua hulala ufukoni. Kila nikiisikia hoja hii barazani, watu huulizana urefu wa mapanga. Mimi naulizia waya. Turkana mitambo 365, megawati 310, ilikuwa tayari 2017. Waya wa kilomita 430 hivi hadi kituo cha umeme cha Suswa ukakamilika 2018. Mapanga yakakaa bure, serikali ikatozwa faini ya ucheleweshaji. Kwa hiyo waya kwanza, na utue Malindi: laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai, karibu na Mombasa, inapita hapa, na wateja wako Mombasa.

Wa Amu
Yakhe, laini hiyo hiyo inafika kwetu Lamu kupitia Garsen. Kabla yake tulikesha na jenereta za dizeli. Mbona tukitajwa huwa ni kwa bandari tu? Na hata kwa bandari, ilibidi twende Mahakama Kuu, ambayo 2018 iliamuru wavuvi walioathiriwa na ujenzi wake walipwe shilingi bilioni 1.76.

Fundi umeme, Malindi
Mnagombania mji, umbali wa mitambo kutoka pwani ndio utakaoamua. Kebo ya chini ya bahari ni kama dumu refu: mkondo geu hubadili mwelekeo huku na huku, mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mara sharti dumu lijazwe upya. Kebo ikirefuka mno, inajishibisha yenyewe na nchi kavu haifikiwi na kitu cha maana. Ndiyo maana ikifika kilomita 80 au 100 watu huanza kufikiria mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu. Ujerumani walifanya hivyo kwa BorWin1, laini yao ya umeme wa upepo wa baharini: megawati 400, kilomita 200 za kebo, baharini na nchi kavu. Ila unahitaji kituo cha kugeuza umeme huko baharini na kingine huku, na vituo hivyo ni ghali kweli. Mitambo ikiwa karibu na pwani, mkondo geu unatosha.

Mvuvi, Ghuba ya Ungwana
Nanga yangu ina makucha manne, nikiitupa inachimba mchanga kiasi cha dhiraa moja. Wanasema kebo huzikwa mita moja au mbili, sawa, tutapishana. Lakini matrola yanayovua kamba yanakokota nyavu zao sakafuni. Siku kebo ikiguswa, nani ataambiwa asivue hapo, mimi au wao?

Mtoa mada, Malindi
Hilo sikulifikiria. Fundi, jibu wewe.