Bulpapu ya shabaha: AUG au Tavor X95?

Mlenga Mbali: Wakuu, kibali nimeshapata na fedha ipo. Nataka bunduki aina ya bulpapu ya kulengea shabaha, ya risasi mojamoja. Nimebaki na mbili: Steyr AUG A3 na Tavor X95. Nichukue ipi?

Fundi Chuma: Mkuu, hujasema unalenga umbali gani wala unatumia mkono gani. Kwenye bulpapu mtambo na magazini (kisanduku cha risasi) viko nyuma ya triga, kwa hiyo ganda la risasi linatokea karibu na uso. Taja mkono kwanza.

Shabaha Kwanza: AUG, usihangaike. Jeshi la Austria liliipokea miaka ya 1970 kwa jina la StG 77, na Australia wanaitengeneza wenyewe pale Lithgow. Mtutu wa milimita 508 kwenye silaha yenye urefu wa milimita 790! Magazini yake inaonyesha ndani, unaona risasi zilizobaki.

Binti wa Uwanjani: Jamani, mimi ni mashoto, nisikilizeni. Kuna uwanja niliazimwa bulpapu iliyofungwa kwa mtu wa kulia. Msimamizi akasema haina shida, piga tu. Ganda la kwanza likanigonga taya, la moto, na moshi ukanijaa machoni. Nikaiweka mezani. Alipotakiwa kuigeuza ili ganda litokee kushoto, ikawa boliti ya kushoto (kipande kinachosukuma risasi na kutoa ganda) hana, na hakuona kama ana cha kuniomba radhi. Alama ilikaa shavuni siku kadhaa. X95 inageuzwa, na AUG pia, ila AUG inayotumia magazini za mtindo wa NATO haigeuki. Ulizia hilo kabla hujalipa.

Mlenga Mbali: Pole sana dada. Mimi ni wa kulia. Umbali ni mita 100 hadi 200.

Fundi Chuma: Basi X95. Triga ya bulpapu huvuta fimbo ndefu hadi nyuma, ndiyo maana nyingi ni nzito kuvuta na haziachii risasi kwa mkato safi. Triga ya X95 waliifanya nyepesi kuliko ya Tavor ya mwanzo. Kitufe cha kuachia magazini nacho kiko karibu na kidole cha triga; kwenye AUG kiko nyuma ya magazini.

Mzee wa Mitutu: Kwa nini bulpapu kabisa? Majeshi yanaziacha. Ufaransa iliiacha bulpapu yake FAMAS ikachagua HK416 ya mtindo wa kawaida mwaka 2016, New Zealand imeiacha AUG, na China baada ya bulpapu yake QBZ-95 imetoa QBZ-191 ya mtindo wa kawaida.

Shabaha Kwanza: FAMAS usiihesabu, mzee. Kiwanda chake cha Saint-Étienne kilikuwa kimeshafungwa, na ilitaka risasi zenye maganda ya chuma, si ya shaba. Hayo hayatokani na magazini kukaa nyuma.

Mzee wa Mitutu: Na L85, bulpapu ya jeshi la Waingereza? Vita vya Ghuba vya 1991 viliianika, ikajaa mchanga na kukwama.

Fundi Chuma: Heckler & Koch, kampuni ya Ujerumani, wakaifumua ndani ikawa L85A2, na umbo likabaki lilelile. Ubovu ulikuwa kwenye utengenezaji. Tena Waingereza walikuwa na EM-2 tangu 1951, bulpapu nzuri. Iliangushwa na risasi: Marekani ilishikilia risasi ya milimita 7.62 iwe ndiyo ya NATO, na EM-2 ilibuniwa kwa risasi ndogo zaidi.

Mzee wa Mitutu: EM-2 haikuwahi kupelekwa vitani, utajuaje ingekuwa nzuri?

Mlenga Mbali: Wakuu, na darubini je? X95 inakuja nayo?