Mtoto wa miezi 9: PCR mbili hasi, sasa kipimo cha haraka kimetoa mistari miwili

MamaNunu
Asalam alaykum jamani, naomba mwenye kujua anisaidie manake usingizi sina. Mie nina VVU, niko kwenye dawa za ARV tangu kabla ya mimba, dawa sijaacha hata siku moja, mwanangu nimemzalia Malindi na tangu alipozaliwa anapewa dawa yake ya maji. Wiki ya sita alidungwa kisigino damu ikatiwa kwenye karatasi kwa kipimo cha PCR, majibu yakaja hasi. Miezi sita pia hasi, nikashukuru Mungu. Sasa tumekuja Lamu kwa arusi ya shemeji, mtoto kashikwa na homa nikampeleka kituo kimoja, wakampima damu ya kidole kwa kipimo cha haraka, ikatoka mistari miwili na kidogo tu naambiwa ana virusi. Bado ananyonya. Je nimempa mie kwa maziwa yangu? Nimuachishe? Mume wangu hali yangu aijua lakini mamake hajui, hata kulia nalilia bafuni.

BintiShela
Pole sana shoga yangu. Mie ningemuachisha leo leo nimpe maziwa ya ng'ombe, kwanini uzidi kumuweka hatarini?

Nesi_Pwani
BintiShela najua wamuonea huruma ila hilo hapana. MamaNunu usimtoe titi kwa khofu. Hicho kipimo cha kidole hakitafuti virusi, kinatafuta kinga ambazo mwili hutengeneza kupigana na virusi. Wewe unazo, na mtoto alipokuwa tumboni zilimpitia kupitia kondo la nyuma, kisha zinamtoka polepole, kuna watoto zinakaa mpaka karibu miezi 18. Kwahivo mistari miwili kwa mtoto wa miezi 9 yaweza kuwa ni kinga zako wewe mamake, hakuna wa kusema ana virusi kwa kipimo hicho. Wala siwezi kukwambia hana, manake bado ananyonya na ile PCR ya mwisho ni ya miezi mitatu nyuma. Anatakiwa PCR nyingine sasa hivi, usingoje ya miezi 12, hiyo ndio inayotafuta virusi vyenyewe. Ikitoka chanya anaanzishwa ARV siku hiyo hiyo huku damu ya pili ikitolewa kuhakikisha, hakuna kungoja, kwa sababu watoto wenye virusi wasiotibiwa karibu nusu hufa kabla ya miaka miwili. Na homa yenyewe mwambie daktari aitafute sababu, hapa kwetu usisahau malaria.

Dawa yake ya nevirapini, ile ya kumkinga na virusi, na septrini ya kumkinga na maradhi mengine, endelea kumpa kama ulivyoelekezwa. Wewe umepimwa lini kiwango cha virusi kwenye damu? Mama anaenyonyesha hupimwa kila miezi sita.

MamaWaFaza
Mamangu mie nimelea watatu katika hali hii, wote salama alhamdulillahi, na sasa nakaa na kina mama wenzangu kliniki kuwapa moyo. Watu wengi wakishaona hasi ya wiki sita wanapotea, anasema mwanangu mzima basi. Kumbe hasi ile yakwambia habari za tumboni na za kuzaliwa tu, na maziwa bado yaja! Maadam ananyonya kupima hakujakwisha: wiki 6, miezi 6, miezi 12, kisha miezi 18 ndio kile cha haraka chafaa, akiwa angali anyonya arudiwe kila miezi sita, na ukishamuachisha kabisa hesabu wiki sita apimwe cha mwisho. Wa mwisho wangu alinyonya miaka miwili kwahivo nilimaliza baada ya hapo, hapo ndipo niliposema sasa basi.

Na usiseme uko safarini. Damu ya karatasini ikishakauka haitaki barafu, hata huku Faza na Kizingitini yachukuliwa ikapakiwa boti. Nenda na kijitabu cha mama na mtoto, mkwe akiuliza mwambie waenda kliniki kwa ile homa, si uongo.

BintiShela
Nimefahamu, ahsante Nesi. MamaNunu nisamehe kwa haraka yangu.

MamaNunu
Hata usijali dadangu. Wallahi nimepumua kidogo. Kijitabu ninacho mkobani, kesho asubuhi naenda na mume wangu atanisindikiza. Kiwango changu kilikuwa chini mpaka hakionekani ila nilipimwa kabla sijajifungua, tangu hapo sijaambiwa tena. Niombe na hicho?

Nesi_Pwani
Omba kesho hiyo hiyo, wakutoe damu wewe na mtoto pamoja. Na waachie namba ya simu yenu ili majibu yawafikie hata mkisharudi Malindi.