Naomba ushauri: nimwelezeje mtoto wa miaka 9 maisha na mawazo ya Einstein?

Mama Wadadisi

Habari zenu wanajukwaa. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 9 na mdogo wake wa kike ana 6. Darasani kwa huyu mkubwa kuna picha ya Albert Einstein ukutani. Juzi ameniuliza: "Mama, huyu mzee alifanya nini hasa mpaka kila mtu anamjua?"

Nimetafuta vitu vya watoto kumhusu. Vingine vinaishia kwenye nywele zake na kusema alikuwa na akili kuliko watu wote. Vingine vinaanza moja kwa moja na E=mc². Mtoto akimaliza kusoma ana jina tu, hana alichokielewa.

Nataka aanze kuelewa mawazo yenyewe, hata kama ni kidogo. Nianzie wapi? Habari za bomu la atomu nizitaje au nizinyamazie kwa umri huu? Halafu, mwanangu hesabu zinamsumbua na mjomba wake humfariji kwamba hata Einstein alifeli hesabu. Ni kweli? Yeyote aliyewahi kufundisha watoto mambo haya naomba anisaidie.

Mwalimu wa Sayansi

Mama Wadadisi, anza na dira.

Einstein alizaliwa Ulm, Ujerumani, mwaka 1879. Alipokuwa na miaka 4 au 5 aliugua, baba yake akampa dira ya kuchezea. Kila alivyoigeuza, sindano ilirudi kule kule, na hakuna kitu alichokiona kikiigusa. Uzeeni aliandika kwamba jambo lile lilimwingia moyoni na halikutoka: lazima kulikuwa na kitu kilichojificha nyuma ya mambo.

Lakini kisa kitangulie kwa mikono, maneno yafuate. Mpe kijana dira bila kumwambia lolote. Mwache aigeuze, azunguke nayo chumba kizima, aifunike kwa kiganja, aiweke chini ya kitabu kinene. Utamwona anajaribu kuishinda, na sindano haimsikilizi. Akishakuuliza ni nini kinaivuta, ndipo umwambie kuna mtoto mwingine, mdogo kuliko yeye, aliyeuliza swali hilo hilo na hakuliacha maisha yake yote. (Sumaku zenye nguvu ziwe mbali, zinaweza kuiharibu sindano.)

Na hilo la "akili kuliko watu wote" liache kabisa. Mtoto akilisikia anajitoa mwenyewe, anaona hayo ni mambo ya wenzake.

Bi Hesabu

Nijibu la mjomba. Si kweli, na mjomba aambiwe kwa heshima. Einstein alijifunza jiometri mwenyewe kitabuni akiwa na miaka 12, na kabla ya kutimiza 15 alikuwa ameshaingia kwenye kalkulasi (hesabu za ngazi ya juu). Uvumi huu huenda umechanganywa na habari ya mwaka 1895: akiwa na miaka 16, mdogo kuliko watahiniwa wa kawaida, alijaribu mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zürich. Hesabu na fizikia alifanya vizuri sana, masomo mengine yakamwangusha. Akasoma mwaka mmoja zaidi Aarau, akaingia chuoni 1896.

Dada, mtoto anayesumbuliwa na hesabu hahitaji kufarijiwa kwa uongo, maana siku akigundua atakosa vyote viwili, faraja na imani kwenu. Kuna kisa cha kweli kinachomfaa zaidi. Mwaka 1912 Einstein alikuwa na wazo kubwa kuhusu mvutano, yaani ile nguvu inayovuta vitu chini, lakini hesabu za kulieleza hakuzijua. Akamwendea rafiki yake wa tangu chuoni, Marcel Grossmann, aliyekuwa bingwa wa hesabu, akamwomba msaada. Wakahangaika nazo pamoja, na Einstein akaja kuikamilisha nadharia mwaka 1915. Mwambie mwanao hivyo: alikwama, akamuuliza rafiki, akaendelea.

Fundi Majaribio

Mimi naona sehemu tamu kuliko zote ni ya kuanguka, na watoto wote wawili watashiriki.

Chukua chupa ya plastiki, toboa tundu dogo ubavuni karibu na kitako. Ziba tundu kwa kidole, jaza maji, kifuniko kiache wazi. Ukitoa kidole maji yanachuruzika, kila mtoto anajua hivyo. Sasa toka nje, inua chupa juu kadiri unavyoweza, toa kidole na uiachie ianguke. Tangu inapotoka mkononi mpaka inapogonga chini, maji hayatoki tunduni. Ni kitambo kifupi, kwa hiyo rekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole muitazame pamoja.

Kabla hujaiachia, waulize: mnadhani itakuwaje? Usiruke hatua hii. Karibu kila mtoto husema maji yatatoka kwa nguvu zaidi.

Ukiishika chupa, maji yanataka kushuka lakini chupa imezuiwa na mkono wako, hivyo maji yanakandamiza na kusukumwa nje tunduni. Ukiiachia, maji na chupa vinashuka kwa kasi ile ile. Hakuna kinachomkandamiza mwenzake. Uzito umetoweka, ingawa dunia bado inavuta.

Mwaka 1907, Einstein akiwa mfanyakazi wa ofisi ya hataza mjini Bern, kazi yake ikiwa ni kukagua uvumbuzi wa watu wengine, lilimjia wazo hili: mtu anayeanguka hausikii uzito wake. Baadaye aliliita wazo la furaha kuliko yote maishani mwake. Nadharia yake ya mvutano ilianzia hapo, na mwanao ataiona kwenye chupa.

Mama Wadadisi

Jamani, tumefanya! Mkubwa alisema maji yatatoka kwa nguvu, vile vile ulivyosema. Tulipotazama video alinyamaza, akairudisha nyuma, akatazama tena, kisha akaniuliza kama ndiyo sababu wale wanaanga wanaelea. Ni hiyo hiyo? Na ile E=mc² nayo ina njia ya kumfikia mtoto?

Fundi Majaribio

Ndiyo hiyo hiyo! Watu wengi wazima wanadhani kule juu hakuna mvutano. Kituo cha anga kinazunguka kama kilomita 400 juu yetu, na hapo mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa chini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, kama maji na chupa. Mpongeze sana, amefika mwenyewe.

Msafiri wa Nuru

E=mc² (E ni nishati, m ni kiasi cha maada, c ni kasi ya nuru) ipitishie kwenye jua. Mwambie kwamba maada ni nishati nyingi mno iliyofungwa mahali padogo. Ndani ya jua, hidrojeni inageuka kuwa heli, na sehemu ndogo ya maada inatoka ikiwa nishati. Kila sekunde jua linapungua tani zipatazo milioni 4 kwa kuangaza tu, na ni kubwa kiasi kwamba litaendelea hivyo kwa mabilioni ya miaka. Nuru hiyo inasafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde na bado inachukua dakika 8 na kidogo kutufikia. Mraba wa c mwachie atakapoufikia shuleni.

Mwenye miaka 9 atapenda pia habari ya Mei 29, 1919. Einstein alikuwa amesema nuru ya nyota ikipita karibu na jua itapinda. Nani ataona nyota kando ya jua? Hapana budi jua lipatwe. Wanasayansi wa Uingereza wakajigawa: Arthur Eddington akaenda kisiwa cha Príncipe, kwenye pwani ya magharibi ya Afrika, wengine wakaenda Sobral, Brazili. Walipopima picha, nyota zilionekana zimesogea kama ilivyotabiriwa. Chukueni ramani mtafute Príncipe. Ni kisiwa kidogo, kukipata nako ni kazi.

Babu Msimulizi

Kuhusu bomu, mjukuu wangu aliniuliza, nami nikamweleza wazi. Mwaka 1939 Einstein alitia saini barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, kuonya kwamba Ujerumani ya Hitler inaweza kutengeneza bomu la aina mpya. Bomu lenyewe hakulitengeneza, hakushirikishwa katika mradi wa kulitengeneza. Baadaye aliijutia barua ile, na siku chache kabla ya kufariki Aprili 1955 alitia saini tamko la kuonya dunia juu ya silaha za nyuklia. Mtoto wa miaka 9 anaelewa mtu kuogopa, kufanya jambo, kisha kulijutia. Wa miaka 6 mwache kwanza na chupa yake.

Ongeza na hili, binti yangu: yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi. Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933, Einstein, aliyekuwa Myahudi, alikuwa safarini nje na hakurudi kuishi Ujerumani tena. Akahamia Princeton, Marekani. Huko alipaza sauti dhidi ya ubaguzi wa Weusi, na mwaka 1946 alikwenda Chuo Kikuu cha Lincoln, chuo cha Wamarekani Weusi, akazungumza na wanafunzi wao. Haya nayo ni maisha yake, yasiachwe nyuma ya hesabu.

Mama Wadadisi

Shikamoo Babu, na ahsanteni nyote. Leo ni zamu ya huyu mdogo: anauliza, chupa ikirushwa juu badala ya kuachiwa, maji yatatoka wakati inapanda? Kaka yake anasema yatatoka, yeye anasema hayatoki.

Fundi Majaribio

Usiwaambie jibu, warushe kwanza! Simu iwe tayari. Wewe mama soma hapa peke yako: mdogo yuko sahihi. Ikishatoka mkononi hakuna kinachoishikilia, iwe inapanda au inashuka, kwa hiyo maji hayatoki. Akiuliza kama mwezi nao unaanguka, mwambie ndiyo, unaanguka kila wakati, ila unakwenda pembeni kilomita moja hivi kwa sekunde, hivyo kila unapoanguka unaikosa dunia.