Projekti za Kiingereza darasa la saba: anayefanya ni mtoto au ni mimi? Nimechoka

Wakuu mnisamehe, leo nimekuja na povu, asiyetaka povu apite tu. Jumapili saa sita na nusu usiku nilikuwa nimepiga magoti sebuleni nakata herufi za karatasi ya rangi, neno la ujasiri kwa Kiingereza, herufi saba, nazibandika kwenye bango na gundi imenishika hadi kwenye kope, na mwenye projekti yake kalala zamani kwa sababu ana miaka 12 na kesho ni shule. Ndo nikajiuliza, hivi hapa anayesoma nani?

Ngoja nianze mwanzo. Binti yangu yuko darasa la saba, na kwenye somo la Kiingereza kila muhula wana kitu kinaitwa projekti ya usomaji na utafiti. Kwenye karatasi inapendeza kweli: achague riwaya isiyopungua kurasa 150, asome dakika 20 kila siku na mzazi asaini fomu, halafu atafiti mada inayohusiana na kitabu, alete vyanzo vitano, atengeneze bango, asimame mbele ya wenzie aongee dakika tatu. Wiki mbili. Mi nilivyoisoma nikasema safi, angalau mtoto atasoma.

Akachagua riwaya ya mambo ya baharini. Mle ndani kuna pweza anatokea, ukurasa mmoja na nusu tu, basi ikawa ndo wimbo wa nyumba nzima. Eti unajua pweza ana mioyo mitatu? Sikujua. Miwili inapeleka damu kwenye matamvua, mmoja unapeleka mwili mzima, na huo mmoja unasimama pale anapoogelea, ndo maana anaona bora atambae. Na damu yake ni bluu kwa sababu ya madini ya shaba. Haya yote kayasoma mwenyewe, kwa Kiingereza, bila saini ya mtu, kafungua kamusi labda mara kumi na tano jioni moja. Akaja na swali: kama moyo unasimama akiogelea, sasa adui akija anakimbiaje? Jamani hilo swali mtu mzima angelitoa wapi.

Kampelekea mwalimu. Jibu: haipo kwenye orodha. Kumbe kuna orodha! Urafiki, Ujasiri, Uongozi, Familia, chagua moja. Na eti hiki ni kipindi cha Kiingereza, siyo sayansi. Sasa mi naomba kuelimishwa na walimu mliomo humu, Kiingereza ni cha kuongelea nini? Lugha si ndo ya kuulizia vitu?

Akachukua Ujasiri. Haya, nyie mnaokomenti hapa, hebu tafiti ujasiri. Unaanzia wapi? Mtoto kakaa mbele ya kompyuta kaandika "ujasiri ni nini", kapata maana ya kamusi, kaikopi, chanzo cha kwanza hicho. Akaingia kwenye kurasa za misemo ya watu maarufu yenye picha za jua linazama, chanzo cha pili. Cha tatu ukurasa wa mtu anayeuza semina. Huyo ndo mtoto aliyekuwa juzi ananifundisha mimi habari za damu ya bluu, leo macho yamemlegea kama mgonjwa. Hajabadilika akili, kabadilishiwa kazi. Mwanzo alikuwa na swali, sasa ana mada, na mada haimwambii mtu atafute nini wala aache kutafuta lini.

Halafu hapo ndo linakuja la vyanzo. Kaambiwa Wikipedia marufuku. Kwa nini? "Kwa sababu kila mtu anaweza kuandika." Basi, limeisha hilo. Hakuna aliyemwonyesha kwamba chini kabisa ya ule ukurasa kuna orodha ya marejeo anayoweza kuyafuata, ndiko kwenye nyama kwenyewe. Kwa hiyo kaacha Wikipedia kwa heshima zote kaenda kuchukua tovuti ya muuza semina ambayo haina jina la mwandishi wala tarehe, na hiyo ikahesabiwa, maana sharti lilikuwa vitano na vimetimia vitano.

Kwa hasira usiku ule nikaamua nifanye utafiti mimi, maana inaonekana ndo mwanafunzi. Nikakuta kisa cha pweza, nacho! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut waliwapa wanafunzi wa darasa la saba tovuti inayoeleza habari za pweza anayeishi juu ya miti, mnyama ambaye hayupo duniani, ni tovuti ya utani ya mwaka 1998, na karibu wote wakaikubali kama chanzo cha kuaminika. Darasa la saba, umri huuhuu wa kwangu. Na mwaka 2016 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford wakatoa ripoti kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wa ngazi hii waliona tangazo lililoandikwa kabisa kwamba limedhaminiwa, wakasema ni habari. Haohao wa Stanford baadaye wakawachunguza watu ambao kazi yao ni kuhakiki habari, wakakuta hawakai kwenye ukurasa kuukodolea macho, wanafungua kurasa nyingine chapchap kuuliza huyu aliyeandika ni nani na wengine wanasemaje juu yake. Maprofesa wa historia waliopewa kazi hiyohiyo wengine walidanganyika kwa nembo nzuri! Sasa kitu kama hicho kinaweza kufundishwa kwa kipindi kimoja tu, kwa Kiingereza, na mtoto anatoka na kitu cha kumfaa hadi uzeeni. Shule yetu inafundisha upana wa pambizo.

Kingine. Kuna mama mmoja, Carol Kuhlthau, mtaalamu wa mambo ya maktaba, alifuatilia wanafunzi wanaofanya utafiti tangu miaka ya 1980 akaona kitu ambacho mzazi yeyote anakijua ila hana jina lake: mtu akishachagua mada anakuwa na moyo, halafu akishaanza kukutana na maandishi yanayopingana anachanganyikiwa, anajiona mjinga, anataka kuacha, na hapo katikati ndo anahitaji mtu mzima anayejua kazi. Sasa projekti zetu hapo katikati mtoto yuko wapi? Yuko nyumbani na mimi. Mwalimu yupo siku ya kugawa karatasi na siku ya kukusanya mabango. Katikati kote ni mimi, na mimi sijasomea ualimu, mimi nimesomea mengine kabisa.

Naomba nisionewe, najua mwalimu ana madarasa kibao na rundo la madaftari linamfika kidevuni. Nakubali. Lakini aliyeomba bango NA hotuba NA fomu NA vyanzo vitano ni nani? Angeomba ukurasa mmoja tu angepumzika yeye na sisi tungelala.

Tuje kwenye zile dakika 20 sasa, hapa ndo nna hasira zaidi, na nna dhambi ya kuungama. Zile saini za wiki ya pili nilisaini zote siku moja. Nilibadilisha kalamu, bluu, nyeusi, bluu tena, ili isijulikane. Binti yangu kaniona. Hajasema kitu, ila kaniona. Na nyie msijifanye malaika humu, grupu la wazazi Jumapili jioni ni "jamani nani ana fomu tupu anirushie nimwage wino".

Huyu mtoto alikuwa anasoma chini ya shuka na tochi, nilikuwa namnyang'anya kitabu alale. Saivi anaweka saa ya simu, dakika ya 20 ikilia anafunga kitabu katikati ya sentensi, KATIKATI YA SENTENSI wakuu, mtu kwenye hadithi kaning'inia kwenye mlingoti na yeye anafunga anauliza "umeshasaini?" Mwaka 2012 kulichapishwa utafiti wa watoto wa darasa la pili na la tatu, kundi moja walilazimishwa kujaza fomu za usomaji, kundi lingine hiari, na waliolazimishwa ndo hamu ilishuka. Na mambo haya yanajulikana zamani, 1973 huko mwanasaikolojia Lepper na wenzake waliwakuta watoto wadogo wanaopenda kuchora, wakawaahidi cheti wakichora, baadaye walipoachiwa wachague wenyewe cha kufanya hawa wa cheti ndo walichora kidogo kuliko wengine. Kwa hiyo hii fomu inapima kusoma huku inakuua kulekule. Na haipimi hata! Inapima kalamu zangu.

Bango limerudi juzi. 27 kati ya 30. Komenti ya mwalimu, nanukuu yote: rangi nzuri. Asante mwalimu, rangi nilichagua mimi. Maksi tatu zimekatwa kwa kichwa kutopigiwa mstari na sauti kuwa ndogo. Karatasi ya mgawanyo wa maksi nimeisoma mbele nyuma, usafi wa bango 10, idadi ya vyanzo 5, sauti 5, na kadhalika na kadhalika, hamna sehemu inauliza mtoto amegundua nini ambacho hakukijua. Hamna! Utafiti usio na maksi ya kugundua. Aliyepata 30 bango lake lilitoka kwenye printa ya ofisini kwa mzazi wake, na simlaumu mtoto, wala mzazi, tulikuwa vitani wote.

Halafu walimu wanalalamika watoto wanaandikiwa na ChatGPT. Jamani, ukimpa mtoto mada inayoitwa Ujasiri mashine inamaliza kabla hajakaa vizuri, kwa sababu maandishi ya aina hiyo yapo mamilioni na hakuna mtu nyuma yake. Ile mashine ilitoka mwishoni mwa 2022, lakini kukopi na kupesti Ujasiri kulikuwepo kabla yake, na kabla ya hapo ilikuwa kunakili ensaiklopidia kwa mkono. Lile swali la moyo kusimama lingemlazimu asome, achanganyikiwe, aulize, aandike kwa maneno yake. Labda naye angeiuliza mashine, sawa, lakini angekuwa anataka kujua jibu, na angeona likiwa la uongo.

NYONGEZA: naona kuna wadau wananiambia niende shule nikaongee badala ya kulia humu. Nilienda. Nikaambiwa ni mpango wa idara. Mkuu wa idara kasema ni mwongozo wa juu. Huko juu sijui ndo wapi, nimeomba nione huo mwongozo umeandikwaje, naambiwa nitapigiwa.

Na aliyeuliza "kwa hiyo unataka nini", nataka vitu vidogo. Mtoto aje na swali lake, mwalimu alikatae kama halina kichwa wala miguu, siyo kwa sababu halipo kwenye orodha. Chanzo cha kwanza wakisome darasani pamoja, sauti juu, wakijadili nani kaandika. Fomu ya dakika itupwe, badala yake mwalimu aulize watoto wanne watano kwa siku "umefika wapi, huyo mtu wa kwenye mlingoti alianguka?", atajua nani anasoma kuliko saini yangu itakavyomwambia. Na bango lifutwe kabisa, hili sibembelezi.

Leo kaja na projekti ya muhula huu. Orodha ileile, imeongezwa Uvumilivu. Fomu ya dakika nayo ipo, sasa ni ya wiki tatu.

Fomu iko mezani na mimi sijaisaini. Swali langu kwenu, kuna mzazi humu amewahi kukataa kusaini akaandika barua badala yake? Mtoto alikatwa maksi au walimwacha? Na barua uliandika kwa Kiingereza au? Nahitaji majibu kabla ya Jumatatu, wale wa "shusha presha mkuu" kaeni pembeni kwanza.