Wamekata mwisho wa Urinetown na bado wakatuuzia tiketi!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kuna kikundi cha maigizo huku ninakoishi Marekani kimepandisha Urinetown jukwaani, na kilichofanyika pale ni uharibifu.

Kwa wasioijua: ni igizo la muziki la Mark Hollmann na Greg Kotis, lilifika Broadway, yale majumba makubwa ya maigizo ya New York, Septemba 2001. Kotis alipata wazo akiwa Paris, mfukoni hana kitu, vyoo vyenyewe vya kulipia. Kwenye hadithi, ukame wa miaka 20 umefanya vyoo vya nyumbani vipigwe marufuku. Haja zote ni kwa kulipia, pesa zinaingia kwa kampuni moja. Ukijisaidia uchochoroni unapelekwa Urinetown, na hakuna aliyewahi kurudi. Bobby Strong anaongoza uasi huku akimpenda Hope, binti wa tajiri mwenye kampuni.

Mikogo yote ya Broadway imo: wapenzi waliojuana sasa hivi tayari wanaimba mapenzi ya milele, na uasi wenyewe unachochewa kwa wimbo wa kwaya ya injili. Lakini inachekesha pale tu mwigizaji anapoamini kila neno. Polisi Lockstock, ambaye pia ndiye msimulizi, anapomweleza Little Sally, yule mtoto wa mtaani, habari za vifo, uso uwe mkavu kabisa. Hawa wetu walikuwa wanatukonyeza kila mstari na kucheka kabla yetu!

Hilo ningelimeza. Mwisho, hapana. Bobby ameshauawa, Hope anashika usukani, anafungua vyoo bure kwa wote, maji yanakwisha, watu wanakufa. Lockstock ndiye anayetuambia hivyo. Wamekata maneno yake yote! Wimbo wa mwisho, ule unaotaja mto, ukaimbwa kwa tabasamu, taa zikazimwa, makofi. Mama mmoja nyuma yangu akatoka akisema, "Afadhali maji yamerudi."

Maji hayakurudi, jamani! Igizo zima limejengwa ili kuwanyima watu ule mwisho mwema waliozoeshwa na Broadway. Ukilitoa hilo, umebaki na kitu kilekile kilichokuwa kinachekwa.

Tena mikataba ya haki za kuonyesha maigizo haya hairuhusu kugusa maandishi bila idhini. Nimewaandikia niwaulize waliipata kwa nani, kimya. Mdau anayejua namna ya kuwafikia wenye haki aweke utaratibu hapa, maana maonyesho bado yanaendelea.